Magari yalipungua mtaani kwetu, mbona kijana wangu bado anakohoa?

*“Daktari, habari za kazi. Naishi Nakuru, nyumba ya pili kutoka barabara inayoingia steji. Chini ni duka langu la mitumba, juu ndiko tunakolala. Kijana wangu ana miaka 11 na ana pumu tangu akiwa mdogo. Mwaka wa 2020, wakati wa Korona, magari yalipopungua, alikaa miezi mingi bila kushikwa. Mwaka huu, mwezi wa pili, barabara yetu ilichimbwa ili waweke mtaro, na magari yakazungushwa kwingine kwa wiki tatu. Nilifurahi. Mapazia ya mbele yaliacha kuwa meusi. Lakini kijana alikohoa usiku kuliko kawaida. Jirani ananiambia shida si magari, ni damu ya kwetu. Sasa nasikia steji yenyewe huenda ikahamishwa nje ya mji. Ikihamishwa, atapona? Au nihame mimi? Kuna nyumba nimeonyeshwa, ila kodi yake iko juu kwa elfu tatu.”*

Mama, habari ni njema. Kwanza tuelewane: mimi si daktari wa hospitali. Kazi yangu ni kupima hewa, kuweka mashine kando ya barabara na kuhesabu kilichomo ndani ya pumzi za watu. Kwa hivyo mambo ya kifua chenyewe nitayagusa kwa uangalifu, na kuna mahali nitakuambia wazi, hapa mpeleke hospitali. Ila swali lako ni la kazi yangu hasa, kwa sababu umeona mambo mawili yanayogongana na hukuficha hata moja: mapazia yalisafika, kikohozi kikazidi. Wengi wangechukua lile linalowafaa, wakalisahau la pili.

Kama magari ndiyo yanayomuumiza, mbona yalipoondoka hakupata nafuu? Na kama si magari, mbona 2020 alitulia? Nionavyo mimi, magari yanamuumiza kweli, ila hayako peke yake, na zile wiki tatu yaliondoka yakakuachia kitu kingine mlangoni.

Fanya jaribio dogo leo jioni. Chukua kitambaa cheupe kibichi, upanguze kioo cha dirisha la mbele. Chukua kingine upanguze rafu iliyo juu ya jiko. Cha dirishani kitatoka na weusi mkavu unaoteleza vidoleni kama risasi ya penseli. Hayo kwa sehemu kubwa ni masizi ya dizeli. Cha jikoni kitatoka na weusi wa kahawia unaonata, kwa kuwa moshi umeshikana na mafuta ya kupikia. Na kama ungekuwa na kitambaa cha tatu, ukapanguza kioo hichohicho mwezi wa pili barabara ikiwa imechimbwa, kingetoka na rangi ya udongo na ungesikia kikikwaruza. Hao ni wageni watatu tofauti, na wote huingia kwa mlango mmoja, pua ya kijana.

Tena wanaoonekana kwenye kitambaa ndio wale wakubwa. Chembe zinazofika chini kabisa kwenye mapafu zina upana usiozidi mikroni 2.5 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Unywele wa kichwa chako una mikroni 70 hivi, yaani karibu mara 30 ya chembe moja. Hizo huzioni kwenye pazia wala kwenye kioo. Kwa hivyo pazia safi ni ushahidi mzuri, lakini ni ushahidi wa jambo moja tu.

Sasa nikueleze kinachotokea magari yanapopungua, na hapa naomba uvumilivu kidogo maana ndipo watu wengi hukosea. Wanafikiri ukiondoa nusu ya magari umeondoa nusu ya uchafu. Sivyo, kwa sababu kila uchafu una umri wake hewani. Nitrojeni dioksaidi, gesi inayotoka kwenye injini na kuwasha njia za hewa, huishi saa chache tu mchana kisha jua na kemia huimaliza. Magari yakisimama asubuhi, kufikia jioni gesi hiyo imeshuka sana. Ndiyo maana mapema mwaka wa 2020 setilaiti ziliona ikipungua juu ya Wuhan, kisha juu ya kaskazini mwa Italia, karibu mara tu watu walipofungiwa nyumbani. Picha zile zilizunguka dunia nzima na watu wakasema hewa imepona.

Ila zile chembe laini haziishi saa chache. Huelea siku kadhaa, hata wiki, na husafiri. Unachovuta leo pale dirishani, sehemu yake ilizaliwa juzi, kwenye mkaa wa mtaa mwingine, kwenye takataka zilizowashwa, kwenye mabua yaliyochomwa shambani huko nje ya mji. Sehemu nyingine haikutoka kwenye bomba lolote ikiwa chembe. Ilitoka ikiwa gesi, ikageuka chembe ikiwa angani. Beijing ilionja jambo hili Februari 2020: barabara tupu, watu ndani, na bado ukungu mchafu ulishuka ukakaa siku kadhaa. Viwanda na mifumo ya kupasha nyumba joto vilikuwa vinafanya kazi, upepo ulikuwa umelala, na kemia ikaendelea na shughuli zake.

Kuna na kioja kingine. Moshi wa magari una gesi inayoila ozoni, gesi nyingine inayojitengeneza hewani jua likiwaka. Magari yalipopungua 2020, katika miji mingi ozoni ya karibu na ardhi ilipanda badala ya kushuka, kwa kukosa wa kuila. Nayo ozoni hukasirisha kifua chenye pumu. Sikuambii haya ili useme afadhali moshi. Nakuambia ili ujue kwamba hewa ya mji ni kama sufuria ya githeri: ukipunguza mahindi, maharagwe yamebaki palepale.

Turudi mwezi wa pili. Februari Nakuru ni kiangazi. Udongo wetu ni wa majivu ya volkano, mwepesi, ukikauka mguu wa mbuzi tu unatosha kuupandisha. Barabara ikachimbwa, rundo la udongo likakaa mbele ya duka lako, pikipiki zikapita juu yake, maana bodaboda haijawahi kuzuiwa na mtaro. Dizeli ilipungua, mapazia yakashuhudia. Vumbi likapanda. Kwa kukwepa vumbi hilo, nakisia tu, mlifunga madirisha ya mbele mchana kutwa, na kama mnapikia jiko la mkaa juu huko mnakolala, moshi wake ulikosa njia ya kutokea. Wiki tatu hazikuwa za hewa safi. Zilikuwa za kubadilishana uchafu.

Kisha uongeze usiku wa Nakuru. Mji uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya Menengai, ndani ya Bonde la Ufa. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa haraka, na hewa baridi hulala chini huku ile yenye joto kidogo ikikaa juu yake kama kifuniko. Siku ukipata nafasi, panda hadi ukingo wa Menengai kukipambazuka utazame mji: utaona blanketi la kijivu limetandikwa juu ya mapaa, na juu yake anga ni buluu safi. Blanketi hilo ni moshi wa majiko ya jioni na wa magari ya alfajiri uliokosa pa kwenda. Jua likipanda, ardhi hupata joto, kifuniko hufunguka. Kwa hivyo idadi ileile ya magari huchafua zaidi saa moja asubuhi kuliko saa nane mchana. Kijana wako anakohoa usiku na alfajiri. Pumu yenyewe hupenda saa hizo, na hewa yetu nayo huwa mbaya saa hizohizo.

Na 2020? Hapo nakuomba usiyape magari sifa zote. Kisa cha kwanza cha Korona Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi, siku chache baadaye shule zikafungwa, na kafyu ikaanza tarehe 27. Kijana wako, aliyekuwa chekechea, alikaa nyumbani miezi na miezi bila kuletewa mafua ya darasani. Mafua ya kawaida ndiyo mwashaji mkubwa wa pumu kwa watoto, kuliko moshi. Halafu mvua za masika zikanyesha, zikaosha hewa na kulaza vumbi. Magari machache, mafua machache, mvua: vyote vilimsaidia kwa pamoja. Nchi nyingi ziliona watoto wenye pumu wakipungua hospitalini mwaka ule, na hakuna mtu mwaminifu atakayekuambia kila sababu ilichangia kiasi gani.

Jirani naye ana nusu ya ukweli. Pumu hufuata ukoo, ndiyo. Lakini kurithi humfanya mtu awe na kifua chepesi kukasirika; kinachokikasirisha kinatoka nje. Mwambie nimekubali damu, sijakubali kwamba magari hayana hatia. Hayo hatubishani tena. Stockholm, mji mkuu wa Sweden, walipoanza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji, kwa majaribio mwaka wa 2006, magari yaliyovuka mpaka ule yalipungua kwa karibu asilimia 20. Hewa ilisafika kwa kiasi, si kwa asilimia 20, na watafiti waliofuatilia watoto wadogo wakaona mashambulizi ya pumu yakipungua. Nafuu yenyewe haikuja yote wiki ya kwanza. Iliendelea kukua kadiri muda ulivyopita. Kifua kilichovimba ndani hakipoi kwa wiki tatu, na wewe ulipewa wiki tatu tu, tena za vumbi.

Mexico City ni hadithi ya upande wa pili. Mwaka wa 1989 walizuia kila gari siku moja ya wiki kwa kufuata namba ya mwisho ya usajili. Watu walifanya nini? Walinunua gari la pili lenye namba tofauti, mara nyingi kuukuu. Uchunguzi uliofanywa baadaye haukuona hewa ikiboreka.

Ndiyo maana napenda kuuliza gari gani, tena linafanya nini, kabla sijauliza magari mangapi. Vipimo vya barabarani katika nchi nyingi vimeonyesha kwamba gari moja katika kumi, lile bovu, laweza kutoa karibu nusu ya baadhi ya gesi chafu zinazotoka kwa magari yote. Lori moja la dizeli lenye nozeli mbovu hutema masizi kuliko msururu wa magari madogo ya petroli. Tangu 2015 dizeli yetu imepunguzwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, hatua kubwa, lakini mafuta safi hayamsaidii mwenye gari ambaye fundi amemkatia chujio la ekzosi akaliuza kama chuma. Nimeinama chini ya magari mengi nikitafuta kilichopaswa kuwapo, nikakuta kipande cha bomba kilichochomelewa.

Na steji ni mahali pabaya kuliko barabara. Matatu haiondoki mpaka ijae. Injini inanguruma, dereva anakanyaga mafuta kila makanga akipiga bodi, ionekane inaondoka, halafu inasogea hatua mbili na kusimama tena. Gari linalosimama na kuanza hutoa uchafu mwingi kwa kila mita kuliko linalotembea polepole bila kukatizwa. Nikiwa nimeshika mashine ndogo mkononi kwenye steji kama yako, namba zilipanda kila dereva alipowasha injini, zikashuka akizima, kama vile mtu ameshika swichi ya taa.

Basi, steji ikihamishwa? Nyumba yako itapata nafuu ya kweli katika masizi na nitrojeni dioksaidi, na utaiona ndani ya siku chache. Uchafu wa ekzosi huwa mkali zaidi pembeni kabisa mwa barabara, kisha hupungua haraka. Ukifika mita 150 hadi 200 sehemu kubwa imekwisha kuchanganyika na hewa ya kawaida ya mji. Wewe uko nyumba ya pili, kwa hivyo utafaidika kuliko wengi. Ila abiria wa steji mpya watahitaji bodaboda na tuktuk za kuwaleta mjini, na baadhi zitapita hapo kwako. Chembe laini zitashuka kidogo tu, kwa sababu mkaa na takataka za kuchomwa hazipandi matatu. Na moshi uliotoka kwako utamwangukia mama mwingine karibu na steji mpya, jambo ambalo sioni likitajwa na wanaopigia debe uhamisho huu. Ikiitwa baraza ya maoni ya umma, nenda. Usiombe steji ihamishwe tu. Omba injini zizimwe magari yakisubiri abiria, sakafu iwekwe lami au matofali, na yanayotoa moshi mweusi yakaguliwe. Hayo yangemfaa kijana hata kama steji haitasogea hatua moja.

Kupona ni neno ambalo siwezi kukupa. Pumu hutulizwa, na wengi hutulia kabisa kwa miaka, lakini hewa pekee haiiondoi.

Kuna mambo ya kufanya kabla ya baraza. Mlaze chumba cha nyuma, mbali na barabara, hata ikibidi wewe uhamie mbele. Madirisha ya mbele yafungwe alfajiri na jioni magari yanapojaa, yafunguliwe kuanzia saa nne hadi alasiri hewa inapotembea. Lakini nasisitiza, usifunge nyumba jiko la mkaa likiwaka ndani, kwa sababu yoyote ile, hata vumbi liwe kiasi gani. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi inaua familia zilizolala na jiko ili kupata joto. Kama zile elfu tatu za kodi zipo kweli, ningeanza kwa kuzipeleka kwenye mtungi wa gesi wa kilo 6 na kichomeo chake, hata kabla ya kufikiria kuhama. Kwa nyumba kama yako, naamini moshi wa jikoni una sehemu kubwa kuliko unavyodhani. Ufagio nao uuweke kando. Panguza kwa kitambaa kibichi, na hayo magunia ya mitumba yafunguliwe nje akiwa shuleni, kwa sababu vumbi la nguo za zamani ni adui mwingine ambaye hukumtaja.

Barakoa ya kitambaa au leso haizuii chembe laini. Ya N95 inayokaza usoni huzuia, ila haizuii gesi, na mtoto wa miaka 11 ni nadra imkae vizuri. Tena mwenye pumu anaweza kuiona nzito kupumulia. Mimi siitegemei kwa mtoto.

Hospitali sasa. Kukohoa usiku kuliko kawaida ni dalili kwamba pumu yake haijadhibitiwa, hata kama mchana anacheza mpira. Mpeleke akaangaliwe wiki hii, usingoje hatima ya steji. Uliza kama anahitaji inhela ya kila siku ya kutuliza uvimbe, mbali na ile ya buluu ya kufungua kifua. Wengi wana ya buluu pekee na huishia kuitumia mara kwa mara, jambo ambalo lenyewe ni onyo. Waombe wamtazame anavyoivuta, maana dawa nyingi huishia ulimini. Na kikohozi kikipita wiki mbili, apimwe pia kifua kikuu bila kuona haya. Matibabu yake ni bure kwenye vituo vya umma. Lakini akipumua hadi mbavu zinaingia ndani, akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikigeuka rangi, au ile ya buluu isipomletea nafuu, hiyo ni dharura. Aendelee kupewa inhela njiani huku mkimkimbiza hospitali usiku huohuo.

Nimeiacha nyumba mpya mwisho kwa makusudi. Kama iko mita 200 au zaidi kutoka barabara kubwa, haipakani na jaa wala kibanda cha kuchoma nyama, na ina jiko lililotengwa na chumba cha kulala, elfu tatu si hasara. Kama iko mbali na steji ila ndani ya mtaa unaowasha takataka kila jioni, utakuwa umelipia uchafu wa aina nyingine. Wakala atataka uione saa saba mchana, upepo ukivuma na jua likiwaka, wakati hata nyumba ya jaani hunukia vizuri. Mwambie utakuja saa kumi na mbili unusu asubuhi, na urudi peke yako saa moja jioni. Simama nje dakika kumi, panguza kioo cha dirisha kwa kitambaa cheupe, kisha uuweke huo weusi karibu na ule wa kwako.